Je, nyama ya Bruce Friedrich inamfaa mtu mwenye presha?

Swali: "Nina miaka 58, nina presha, na daktari kaniambia nipunguze nyama nyekundu. Binti yangu anamfuatilia Mmarekani mmoja aitwaye Bruce Friedrich, mwandishi na mtetezi wa nyama isiyotokana na kuchinja, na sasa ananishawishi nihamie huko. Naomba kuelezwa: huyu bwana anataka watu waache nyama? Hiyo anayoiita nyama ni nyama kweli, na ni salama? Na kwa Mwislamu mwenye presha kama mimi, inafaa?"

Jibu:

Shikamoo mzee wangu. Nianze na hilo la kwanza, maana hata wanaomshangilia Friedrich mara nyingi hawalielewi. Hataki uache nyama. Yeye mwenyewe hali chochote cha mnyama tangu 1987, na kwa miaka mingi alikuwa PETA, wale wanaharakati wa mabango na maandamano ya kutetea wanyama. Alisomea pia sheria. Lakini tangu 2016, alipoanzisha na wenzake shirika la Good Food Institute, linalosukuma mbele nyama isiyotokana na kuchinja, lugha yake ni nyingine kabisa. Anasema waziwazi kwamba kuwahubiria watu habari za ukatili, afya na mazingira hakukupunguza ulaji wa nyama duniani. Takwimu zinamuunga mkono: mwaka 1961 dunia ilizalisha takriban tani milioni 70 za nyama, na sasa inazalisha zaidi ya tani milioni 350 kila mwaka. Hata ukizingatia kwamba watu wameongezeka, fungu la kila mmoja limekaribia kuwa maradufu.

Kwa hiyo hoja yake ni hii: mtu huchagua chakula kwa ladha, bei na urahisi wa kukipata. Badala ya kumsuta mlaji, tengeneza nyama kwa njia nyingine, iwe tamu kama ile aliyoizoea au zaidi, kisha iuze kwa bei ya chini. Hupenda kulinganisha na umeme wa jua na upepo: hakuna anayewaomba watu wakae gizani, wanabadilishiwa chanzo cha umeme tu. Binti yako, kama anakukaripia mezani, basi hajamsikiliza vizuri mwalimu wake.

Mbona nyama ibadilishwe chanzo? Hesabu anayoirudia Friedrich ni ya kuku. Kuku ndiye hodari miongoni mwa mifugo wa nchi kavu katika kugeuza chakula kuwa nyama, lakini hata yeye hulishwa kalori 9 hivi ili atoe kalori 1. Nyingine huishia kwenye joto la mwili, mifupa, manyoya na kutembea. Kwa ng'ombe pengo ni kubwa zaidi, na juu yake kuna methani anayoicheua. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2013 lilikadiria kwamba mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Makadirio yake ya 2023 yalishuka hadi asilimia 12 hivi. Kuna pia suala la dawa. Sehemu kubwa ya antibiotiki zinazouzwa duniani humalizikia kwa mifugo, na kadiri zinavyotumika hovyo ndivyo vijidudu vinavyozidi kuwa sugu, hadi siku binadamu anapozihitaji hazimsaidii.

Hapo lazima niweke neno ambalo watetezi hulipitia haraka. Asilimia 86 hivi ya kinachoingia tumboni mwa mifugo duniani ni vitu ambavyo binadamu hali: majani, mabua, pumba, mashudu. Ng'ombe anayelisha kwenye ardhi kavu isiyoota nafaka hamnyang'anyi mtu chakula. Hesabu ya kalori 9 kwa 1 inawagusa zaidi kuku na nguruwe wa mabanda makubwa wanaolishwa mahindi na soya, na ng'ombe wanaonenepeshwa kwa nafaka. Friedrich ana haki ya kuutazama mfumo huo wa viwanda, kwa kuwa ndiko ongezeko la nyama linakotoka. Ila usimwache mtu akuambie kwamba kila mnyama duniani ni hasara.

Sasa, ni nyama kweli? Inategemea ni ipi, maana chini ya jina "nyama mbadala" kuna vitu vitatu vyenye tabia tofauti.

Cha kwanza ni nyama ya mimea. Huchukuliwa protini ya soya, njegere au ngano, ikasukumwa kwenye mashine kwa joto, maji na shinikizo hadi inyooke kuwa nyuzi zinazotafunika kama msuli, kisha ikatiwa mafuta, rangi na viungo. Beyond Meat, kampuni iliyoanzishwa Marekani 2009, hutumia zaidi njegere. Impossible Foods, ya 2011, ilikuja na ujanja wa kisayansi: mwanzilishi wake, mtaalamu wa baiokemia Pat Brown, aliona kwamba kinachoipa nyama ya ng'ombe ladha yake inapokaangwa ni heme, molekuli yenye madini ya chuma ambayo ndiyo pia huipa damu wekundu. Mizizi ya soya ina protini yake yenye heme. Wakachukua jeni la protini hiyo, wakalitia kwenye hamira, na hamira ikawazalishia kwenye matangi. Kwa jibu la swali lako, hii si nyama. Ni mimea iliyofinyangwa kwa ustadi.

Cha pili ni kuvu, jamii ya uyoga, na hiki nakipenda kuliko vingine ingawa hakipigiwi debe sana. Miaka ya 1960 wanasayansi wa Uingereza walikuwa wakitafuta kiumbe kidogo kinachoweza kugeuza wanga kuwa protini, kwa hofu kwamba dunia ingepungukiwa na protini. Mwaka 1967 walimpata kwenye udongo wa Marlow, Buckinghamshire: kuvu aitwaye Fusarium venenatum. Bidhaa yake, Quorn, iliingia sokoni 1985. Kuvu hukuzwa kwenye matangi marefu kwa sukari, hewa na virutubisho, na hukua haraka mno. Nyuzi zake ni nyuzi tangu mwanzo, kwa hiyo hahitaji kulazimishwa sana na mashine ili afanane na mnofu. Kabla ya kuliwa hupashwa joto ili kupunguza asidi za kiini, zile RNA, ambazo zikizidi mwilini hupandisha asidi ya yuriki na kumletea mtu jongo. Mtetezi mwingine wa Marekani, Paul Shapiro, ambaye naye ni mwandishi na alianzia kwenye harakati za wanyama, aliacha kampeni akaanzisha kampuni mwaka 2018 inayokuza kuvu wa aina nyingine, Neurospora. Hilo lenyewe linakuonyesha upepo unakovuma: mwandishi aliyejulikana kwa kuisifu nyama ya seli, fedha na jasho lake kavipeleka kwenye kuvu.

Cha tatu ndiyo hiyo nyama ya seli, na hii, mzee wangu, ni nyama. Huchukuliwa kipande kidogo cha tishu kutoka kwa mnyama, mara nyingi bila kumuua, zikatengwa seli zenye uwezo wa kujigawa, zikawekwa kwenye tangi lenye maji yenye sukari, amino asidi, vitamini, chumvichumvi na protini za kuchochea ukuaji. Seli zinaongezeka. Zikitosha, hubadilishiwa mazingira ili ziwe msuli au mafuta, na ukitaka zishikane kama mnofu unazipa kiunzi cha kujishikiza. Wazo ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Winston Churchill aliandika 1931 kwamba siku moja tutaacha upuuzi wa kukuza kuku mzima ili tule kidari au bawa, na badala yake tutakuza sehemu hizo peke yake. Alitabiri miaka hamsini. Ikachukua zaidi ya themanini. Tarehe 5 Agosti 2013, jijini London, baga ya ng'ombe iliyokuzwa kwa seli na Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, ilikaangwa na kuonjwa hadharani. Gharama yake ilikuwa takriban euro 250,000, na aliyelipa ni Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google.

Singapore iliruhusu nyama hii kuuzwa Desemba 2020, ikiwa ya kwanza duniani, na bidhaa ilikuwa kuku. Marekani ikafuata Juni 2023 kwa kampuni mbili, Upside Foods na GOOD Meat. Israel ilitoa idhini ya nyama ya ng'ombe Januari 2024. Wengine wakaenda upande wa pili: Italia iliipiga marufuku Novemba 2023, majimbo ya Marekani ya Florida na Alabama 2024, jimbo la Texas likaizuia kwa miaka miwili kuanzia Septemba 2025. Wanasiasa wa Florida walisema wazi kwamba wanawalinda wafugaji. Kulinda wafugaji ni sababu ya kisiasa inayoweza kujadiliwa, lakini si ushahidi kwamba chakula hicho kina sumu, na watu wengi wamechanganya mambo hayo mawili.

Usalama wake basi? Mwaka 2023 FAO na Shirika la Afya Duniani walichapisha tathmini ya vyakula vya seli na kuorodhesha hatari 53 zinazoweza kujitokeza. Idadi inatisha hadi uisome orodha: nyingi ni zilezile za nyama ya kawaida, kama bakteria kuingia wakati wa kufungasha, mabaki ya kemikali, mzio. Ukiwa na mzio wa samaki, samaki wa tangini atakudhuru vilevile, kwa sababu protini ni ileile. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni la saratani: eti seli zinazojigawa bila kikomo zikiliwa, si zitaota tumboni? Haziwezi. Nje ya tangi lao seli hizo hufa, moto wa jikoni huzimaliza, na tumbo huzisaga kama protini nyingine yoyote. Kitu ambacho bado ningekifuatilia kwa makini ni kile zinacholishwa. Zamani karibu kila maabara ilitumia seramu ya damu ya ndama aliye tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa, jambo linalopingana na lengo lote la kuacha kuchinja. Kampuni kadhaa zimepata njia ya kuikwepa, nyingine bado, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Turudi kwa Friedrich, kwa sababu hapa ndipo ninapoachana naye kidogo. Kipimo alichokiweka mwenyewe ni ladha na bei. Tumpime nacho. Beyond Meat iliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kwa hisa. Siku ya kwanza ilifunga kwa zaidi ya dola 65, na Julai ikavuka 200. Kufikia 2025 hisa hiyo ilishuka chini ya dola moja. Watu walionja mara ya kwanza kwa udadisi, wengi hawakurudi. Bei ilikuwa juu ya nyama ya kawaida, ladha ikawa "karibu tu", na karibu haimtoshi mtu anayelipa zaidi. Fedha za wawekezaji katika sekta nzima zilifikia takriban dola bilioni 5 mwaka 2021, kisha zikaporomoka.

Yeye atakujibu kwamba mitambo ya umeme wa jua nayo ilikuwa ghali kwa miongo mingi kabla ya kushuka, na kwamba serikali ndizo zinapaswa kugharimia utafiti kama zilivyofanya huko. Kwa nyama ya mimea na kuvu jibu hilo linaniingia akilini. Soya ni rahisi kuliko kuku anayeila, kwa hiyo hakuna kanuni ya maumbile inayozuia bei kushuka. Kilichobaki ni ufundi na wingi. Kwa nyama ya seli sina uhakika huo. Seli za mnyama ni dhaifu, hujigawa polepole, hazina kinga, na bakteria mmoja akipenya ndani ya tangi humeza kila kitu kabla hujagundua. Usafi wa kiwango cha dawa una gharama ya kiwango cha dawa. Hata faida yake kwa hali ya hewa hutegemea umeme na malighafi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikadiria 2023 kwamba kama virutubisho vya seli vitasafishwa kwa kiwango cha viwanda vya dawa, madhara yake kwa hali ya hewa yanaweza kuwa mara 4 hadi 25 ya nyama ya ng'ombe wa kawaida. Watetezi walipinga dhana hiyo ya kiwango cha dawa, wakisema kiwanda cha chakula hakitauhitaji. Huenda. Lakini hadi pale kiwanda kikubwa kitakapofanya kazi kwa faida bila usafishaji huo, ubishi utabaki kwenye karatasi. Ningekuwa mshauri wake, ningemwambia apunguze kuzungumzia nyama ya tangini na aongeze sauti kwenye kuvu.

Sasa wewe na presha yako.

Daktari kukuambia upunguze nyama nyekundu ana msingi. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindika, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika, na ikakadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi la chini yake, la "huenda". Kwa moyo, tatizo ni mafuta yanayoganda, na katika zile za kusindika, chumvi.

Na chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi katika hiyo nyama ya binti yako. Impossible Burger ya toleo la 2019 ilikuwa na miligramu 370 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, katika kipande cha gramu 113. Nyama ya kusaga ya ng'ombe ya uzito huo, kabla hujaitia chumvi, haifiki 100. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, kutoka kwenye vyakula vyote vya siku nzima. Kipande hicho kilikuwa pia na gramu 8 za mafuta yanayoganda, kwa sababu mafuta ya nazi ndiyo yaliyotumika kuipa utamu, na hiyo haipishani na nyama ya kusaga yenye mafuta. Kampuni hubadilisha michanganyiko yake mara kwa mara, kwa hiyo usikariri tarakimu zangu. Soma lebo ya pakiti uliyoishika.

Haki itendeke, mizani ina upande wa pili. Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2020 jaribio lililowahusisha watu 36, kila mmoja akila nyama ya kawaida kwa wiki nane na ya mimea wiki nane. Walipokuwa kwenye ya mimea, kolesteroli mbaya na uzito vilishuka kidogo, na presha haikupanda. Fedha zilitoka Beyond Meat, ingawa mpango wa utafiti uliwekwa wazi kabla ya kuanza. Mimi huusoma hivi: kuhama kutoka nyama nyekundu yenye mafuta kwenda kwenye bidhaa hizi kwa kiasi si hatua ya kurudi nyuma. Ukihama kutoka samaki, kuku asiye na ngozi, maharagwe au dengu, hapo unajipunja. Kunde ulizozipika mwenyewe zina protini, nyuzinyuzi na potasiamu, na chumvi yake ni ile uliyotia kwa mkono wako.

Quorn ya kawaida ina nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, hivyo kwa presha ningeitanguliza mbele ya baga za mimea. Angalia tu ile isiyotiwa viungo vingi. Wachache humkataa kuvu huyu tumboni, wengine wana mzio naye. Anza na kidogo. Aina nyingi hushikanishwa kwa ute wa yai, kama yai linakukataa.

Ukifika mahali ukaacha nyama kabisa, jambo moja halina mjadala: vitamini B12. Mimea haina. Hutengenezwa na bakteria, na sisi huipata kupitia wanyama au kupitia chakula kilichoongezewa na vidonge. Katika umri wako tumbo huanza kuinyonya kwa shida hata kwa mla nyama, na ikiwa unatumia metformin kwa sukari, zaidi. Madini ya chuma ya mimea nayo hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Kula pamoja na kitu chenye vitamini C, na chai isogeze mbali na mlo.

Kuhusu uhalali, mimi si mwanazuoni, nitakueleza kilichokwisha tolewa. Baraza la Kiislamu la Singapore, Muis, lilitoa fatwa Februari 2024 kwamba nyama ya seli yaweza kuliwa na Mwislamu iwapo seli zimetoka kwa mnyama halali na hakuna kitu kisicho halali katika utengenezaji wake. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloigusa ile seramu ya damu niliyoitaja. Wako wanazuoni wanaotaka pia mnyama aliyetoa seli awe amechinjwa kisheria, kwa hiyo muulize unayemfuata. Nyama ya mimea na kuvu ni rahisi zaidi, ila tazama nembo ya halali, kwa ajili ya viungo na vionjo vinavyoongezwa.

La mwisho ni la dawa zako, ambazo hukuzitaja. Bidhaa nyingine zinazojitangaza kuwa na chumvi kidogo zimetiwa kloridi ya potasiamu badala ya chumvi ya kawaida. Kama figo zako zina hitilafu, au unameza dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, mfano enalapril, losartan au spironolactone, usianze kuzila kila siku kabla daktari hajakupima potasiamu kwenye damu. Nenda na pakiti yenyewe kliniki.